Mkate wa soda wa Kiayalandi kwenye jiko la mkaa: mwongozo kamili kutoka Mtwara

Mkate wangu wa kwanza wa soda kuku wa jirani waliudonoa, wakauacha. Unga ulikuwa mzuri, mtindi ulikuwa mzuri, vipimo nilivifuata kama mtoto wa shule. Nilikosea kitu kimoja tu: nilichanganya kwanza, ndipo nikatoka uani kuwasha jiko. Mkaa ulikuwa umeingia unyevu wa usiku, ukanihangaisha karibu dakika 40, na donge lililokuwa likinisubiri mezani likamaliza pumzi zake zote kabla halijauona moto. Nikatoa tofali.

Mkate wa hamira unauacha uumuke, unakwenda sokoni, unarudi, unaukuta umependeza zaidi. Huu haumsubiri mtu. Soda ikishakutana na mtindi inaanza kutoa gesi papo hapo, na gesi hiyo hiyo ndiyo itakayouinua mkate. Ikitoka bure mezani, hairudi. Kwa hiyo humu moto utakuja mapema kuliko unavyotarajia, na unga utakuja mwisho.

Mkate wenyewe

Kwa Waayalandi mkate huu una vitu vinne: unga, bekingi soda, chumvi na maziwa yaliyochachuka yanayobaki baada ya siagi kutolewa. Hauna sukari, hauna mayai, hauna hamira. Ngano ya nchi ile ya mvua na baridi ni laini, haina ule mvuto ambao hamira inauhitaji, na bekingi soda ilipoanza kuwafikia watu katika miaka ya 1830 iliwafaa sana. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na oveni. Walikuwa na chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu mifupi na mfuniko, wenyewe wanakiita bastible. Walikiweka kwenye moto wa ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukata vipande na kuukausha uwe kuni, kisha juu ya mfuniko walipanga makaa.

Nilipomsimulia bibi yangu wa Mikindani habari hiyo, hakuinua hata macho kwenye nazi aliyokuwa anakuna. "Sasa mjukuu wangu, hapo wametuzidi nini? Si moto juu, moto chini?"

Ni kweli. Kila nyumba inayopika mkate wa kumimina inaujua moto huo. Ndiyo maana naona huu ni mkate wa kigeni unaoelewana na uani kwetu kuliko keki yoyote ya oveni. Gesi asilia inachimbwa Msimbati hapo, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam limekamilika tangu 2015, lakini mtungi wangu ukiisha katikati ya mwezi narudi kwenye mkaa kama kawaida.

Mahitaji

Kwa mkate mmoja wa watu 6:

Unga wa ngano nusu kilo
Bekingi soda kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu
Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai
Mtindi mililita 300 na maji mililita 100
Kitunguu maji 1 kikubwa
Korosho za vipande, konzi moja
Bizari nyembamba nzima, kijiko 1 cha chai
Pilipili manga iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
Ufuta, kijiko 1 kikubwa
Mafuta kidogo ya kukaangia kitunguu

Vinne vya kwanza ndivyo mkate. Vinavyofuata ni vya kwangu, kwa sababu nautaka mkate wa chumvi wa kulia mchuzi, na kwa sababu kuishi Kusini ukaoka mkate usio na korosho wala ufuta ni kujinyima bila sababu. Chukua korosho zilizovunjika: bei yake ni nafuu, na nzima ungezivunja tu.

Sasa niseme machache kuhusu hivyo vinne, maana ndipo watu wanapoharibikiwa.

Unga uwe wa kawaida, wa chapati na maandazi. Ule ulioandikwa kwamba umeshatiwa bekingi pauda usiuguse. Ukipenda mkate wa rangi ya udongo na ladha nzito, weka nusu unga mweupe, nusu unga wa ata, na uongeze mtindi vijiko viwili vikubwa kwa sababu ata inakunywa.

Bekingi soda si bekingi pauda, na si magadi ya kulainishia maharage na makande. Madukani majina haya yanachanganywa, hasa ukisema "magadi soda" tu, kwa hiyo soma pakiti. Bekingi pauda ina asidi yake ndani. Bekingi soda haina, inategemea mtindi. Magadi ya mawe ni makali zaidi na yatakupa mkate wenye ladha ya sabuni. Kama pakiti yako imekaa muda mrefu, ijaribu: kamulia ndimu kwenye kijiko, nyunyizia soda kidogo. Ikifoka kwa nguvu ni nzima. Ikivuta pumzi kivivu, nunua nyingine.

Jambo lingine ni hewa yetu. Ukikaa karibu na bahari, soda iliyofunguliwa inagandamana. Yale madonge usiyadharau. Yaponde kwa mgongo wa kijiko mpaka yawe unga mtupu, kisha chekecha pamoja na unga wa ngano, mara mbili. Donge moja la ukubwa wa punje ya mtama likibaki, utalikuta kwenye kipande chako kama doa la kahawia chungu, na kwa kawaida linamwangukia mgeni.

Usiongeze soda kwa kudhani mkate utapanda zaidi. Mtindi una asidi yenye kiwango chake. Soda ikizidi, ile isiyopata asidi inabaki ndani ya mkate, unageuka wa manjano na kunuka sabuni.

Mtindi wa dukani mwingi ni mzito, kijiko kinasimama. Ndiyo maana nimeandika maji. Koroga pamoja mpaka ufanane na uji mwepesi wa mgonjwa. Angalia tu usiwe ule wenye sukari na vanila. Ukikosa mtindi, pima maziwa mabichi mililita 370, tia vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu, subiri dakika 10 yakatike. Yanafaa, ingawa ladha haifikii.

Moto kwanza

Fanyia kazi hii uani au barazani penye upepo. Moshi wa mkaa unaouona si wa kuogopwa sana. Hewa yake usiyoiona ndiyo inayoua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa.

Utahitaji sufuria pana yenye ukuta mnene, sufuria ndogo isiyo na mikono au ya keki inayoingia humo na kubakiza nafasi ya kidole pembeni, vijiwe vitatu vya ukubwa sawa, mchanga mkavu uliochekechwa, na mfuniko bapa wa chuma. Sinia kuukuu la chuma linafaa. Mfuniko wenye kishikio cha plastiki usijaribu. Changu kiliyeyuka taratibu, kikachuruzika juu ya makaa, na kwa siku mbili nyumba nzima ilinuka kandambili iliyoungua.

Washa mkaa wa kutosha, mimi natumia karibu sado moja. Wakati unashika, bado una kazi na moto huo mchanga: kaanga kitunguu kilichokatwa vipande vidogo mpaka kianze kuwa na rangi ya dhahabu, kiepue, kipoe kabisa. Usitie kitunguu kibichi. Kinatoa maji ndani ya mkate na kuacha mashimo yenye ute. Kwenye kikaango hicho hicho, ukishakipangusa mafuta, pitisha korosho na bizari nyembamba kwa dakika mbili tatu mpaka harufu itoke, kisha ziponde korosho kwa mbali kwenye kinu. Vipande viwe vya kuonekana.

Mkaa ukishavaa majivu ya kijivu kila upande, mwaga mchanga kwenye sufuria kubwa kimo cha vidole viwili, panga vijiwe vyako, funika, weka jikoni. Chota sehemu ya makaa uweke juu ya mfuniko. Acha dakika 15. Mchanga unasambaza joto na unakulindia sufuria. Sufuria tupu ya alumini ikikaa juu ya moto mkali inajikunja.

Kabla ya kugusa unga, pima joto. Njia yangu ni ya kizamani: nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiweke juu ya vijiwe, funika. Ukirudi baada ya dakika moja na nusu hivi na kuukuta umekuwa wa kahawia, moto uko tayari. Ukiwa mweusi, punguza makaa ya chini. Ukibaki mweupe, pepea, subiri.

Hapo ndipo unagawa moto kwa ajili ya kuoka: theluthi mbili ya makaa juu, theluthi moja chini. Kwa wali tumezoea kinyume, na mkono unataka kurudi kwenye mazoea. Chini kukizidi, tako la mkate linaungua huku katikati bado ni uji.

Kuchanganya

Sufuria ndogo iwe imenyunyizwa unga chini, iko pembeni. Mtindi umeshapimwa. Mtoto wa kuulizauliza ameshatumwa dukani. Kuanzia hapa hadi mkate uingie motoni ni dakika tano.

Kwenye beseni tia unga uliochekechwa na soda na chumvi, halafu pilipili manga, bizari, korosho na kitunguu. Changanya vikiwa vikavu. Fanya kishimo katikati, mimina mtindi karibu wote, bakiza kama robo kikombe cha kahawa.

Sasa tumia mkono mmoja tu. Tanua vidole na uvikaze kidogo kama makucha ya kaa, zungusha kutoka katikati kwenda nje, ukikwangua ukuta wa beseni. Usisukume, usikunje, usipige. Ukibaki unga mkavu chini, ongeza ule mtindi uliobakizwa. Mara unga wote ukishalowa, acha. Ni nusu dakika, pengine kidogo zaidi.

Najua utakachofanya, kwa sababu na mimi nilifanya. Ukishakanda chapati miaka 20, mkono wako unaona aibu kuacha donge lenye mabonde na milima. Utasema ngoja nilitengeneze kidogo. Usilitengeneze. Chapati tunaikanda ili ivutike. Mkate huu ukivutika unakuwa mpira, na gesi ya soda haina nguvu ya kuinua mpira. Donge sahihi ni bichi kuliko la maandazi, linanata vidoleni, na kwa macho ya mama mkwe linaonekana la mvivu.

Limwage juu ya meza iliyonyunyizwa unga, lizungushe mara moja lipate umbo la duara, ligeuze, ligonge juu kwa kiganja mpaka kimo kiwe kama sentimita 4. Liingize kwenye sufuria ndogo. Paka juu mtindi uliobaki beseni, nyunyiza ufuta, ubonyeze ushike.

Kisha chukua kisu chenye makali, ukichovye kwenye unga, ukate msalaba kutoka ukingo hadi ukingo, uingie zaidi ya nusu ya kimo. Usiogope. Wazee wa Ayalandi wanasema msalaba huo unawatoa pepo ndani ya mkate. Wengine wanasema ni baraka. Bibi alisikiliza maelezo hayo, akapiga bismillahi, akaniambia niendelee. Kazi yake ya jikoni ni kupeleka joto katikati, mahali panapochelewa kuiva kuliko pote, na kuupa mkate nafasi ya kupasukia unapopanda.

Motoni

Shusha sufuria ndogo juu ya vijiwe, funika haraka, rudisha makaa juu ya mfuniko na uyatandaze mpaka pembeni, si kulundika katikati. Angalia saa. Kwa dakika 20 za mwanzo usifunue. Kila ukifunua unatoa joto ambalo jiko la mkaa halilirudishi upesi, na mkate uliokuwa unapanda unakaa chini.

Baada ya dakika 20, pangusa majivu kwa ufagio mdogo wa chelewa na ongeza makaa machache mekundu juu. Ya chini yaache yapungue yenyewe. Kama kuna upepo wa bahari, kinga jiko kwa bati upande mmoja, maana upepo unawasha makaa ya upande huo na mkate unaiva nusu.

Dakika ya 35 unaweza kuchungulia. Inua mfuniko kwa koleo ukiwa umenyooka, usiuinamishe juu ya mkate, vinginevyo utakula majivu. Rangi iwe ya dhahabu iliyokolea na zile kona nne za msalaba ziwe zimefunguka. Kwangu mkate huchukua dakika 45, siku ya mawingu na mkaa mbaya hufika 55.

Kuujua kama umeiva, chomeka chelewa safi pale msalaba unapokutana, itoke kavu. Kisha utoe, uugeuze, ugonge tako kwa kifundo cha kidole. Ukiwa mbichi unatoa mlio mfupi, mzito, kama unagonga fenesi. Ukiwa umeiva unalia wazi, kama kifuu. Ukiwa na shaka, urudishe ukiwa umepinduliwa kwa dakika 5, hauharibiki.

Mwenye oveni ya umeme au gesi aipashe nyuzi 220, aoke dakika 15, ashushe hadi 200 na kuendelea dakika 25 hadi 30. Hatua nyingine ni zile zile. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Oveni iliyoshika moto vizuri mara nyingi inaumalizia mkate, ila uupe muda zaidi.

Ukitoka tu, ufunge kwenye kitambaa safi cha pamba. Kipande cha kanga iliyochakaa ni kizuri kuliko taulo. Mvuke unaobaki ndani unalainisha ganda. Anayetaka ganda la kuvunjika auache wazi juu ya wavu. Vyovyote iwavyo, usikate kabla ya nusu saa, kwa sababu katikati bado panamalizika kuiva na kisu kitapasokota.

Ukiutaka wa nazi

Nyumba isiyopenda maziwa, au siku mtindi umeadimika, tumia tui. Pima mililita 350 za tui la kwanza lililochanganywa na la pili, tia maji ya ndimu vijiko vitatu vikubwa, na soda uipunguze iwe robo tatu ya kijiko, maana ndimu pekee haina asidi ya kutosha kwa kijiko kizima. Mkate wake ni mweupe, laini, unanukia kwa mbali. Nimewahi kuweka maji ya ukwaju badala ya ndimu: rangi iligeuka ya udongo mkavu, ladha ilikuwa nzuri kwa samaki na mbaya kwa chai.

Pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba inakubali, giligilani pia. Jibini ukiibahatisha, ikwangue gramu 80 na upunguze chumvi. Mbegu za alizeti nazo ni tamu, ila usishtuke ukikata kesho yake na kuukuta mkate una rangi ya kijani ndani: ni mbegu na soda vinaonana, hakuna sumu. Kwangu walikataa kuula hata hivyo.

Kuula

Mbaazi za nazi, bila mjadala. Mbaazi za huku zilizoiva mpaka zikapasuka, tui zito juu, na kipande kinene cha mkate huu cha kufutia sahani. Wakati wa kufuturu nimeuweka karibu na supu ya pweza ukaisha kabla ya tambi. Na chai ya rangi yenye tangawizi ukiupaka siagi na chumvi.

Mkate huu ni wa siku yake. Kwa joto letu usiufunge kwenye mfuko wa plastiki, siku ya pili unatoa jasho na ya tatu unaota ukungu. Ubakize ndani ya kitambaa, na asubuhi ukate vipande uvipitishe kwenye kikaango kikavu pande zote mbili mpaka ufuta uanze kuruka.

Na yale makaa yaliyobaki juu ya mfuniko usiyamwagie maji. Weka wavu, choma ng'onda mmoja mwembamba, mkate ukiwa bado umefungwa unapoa.